Chakula cha Mume wa Shosho

Shosho, mama wa baba yangu, huniita mume wake. Ni utani, lakini ni utani ambao hakuna anayeucheka mpaka mwisho. Kwetu Nyeri kifungua mimba wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, na jina hilo haliji peke yake, linakuja na mtu wake. Nilipozaliwa nikapewa jina la guka, babu yangu, na kuanzia siku hiyo shosho akawa na waume wawili, mmoja wa kuvuta sigara na mmoja wa kunyonya. Guka alipokufa, nikabaki mimi.

Nikiwa mdogo niliupenda mchezo huo. Nikiingia kwake Giakanja anasema, "Mzee wangu amefika, mpisheni apite," na binamu zangu wananuna kwa sababu wanajua nyama yenye mafuta ni yangu. Siku hizi mchezo umenigeuka. Nimekaribia umri ambao guka alikufa nao. Nimeota tumbo lake, ninakohoa kikohozi chake, na wazee wa sokoni hunikazia macho kwanza ndipo wanisalimie. Mmoja alinishika mkono akakataa kuuachilia. "Haki ya Mungu," akasema, "wewe nilikubeba mimi mwenyewe mpaka kaburini." Nikamwambia aniachie mkono, nina haraka. Nilishinda na hasira siku nzima, na sikuwa na haraka yoyote.

Guka alikuwa mkulima wa kahawa. Walipooana hawakuwa na kitu. Walikula nduma, yale magimbi ya bondeni, githeri ya mahindi na maharagwe, na mboga za majani, na nyama ilionekana kukiwa na sherehe. Halafu kahawa ikaanza kulipa, nyumba ya mabati ikajengwa, na shosho akaamua kwamba mume wake hatakula tena kama maskini. Akawa anayeyusha mafuta ya mkia wa kondoo, anayaweka kwenye mkebe kando ya moto, na kila jioni anayamimina juu ya mukimo wa guka mpaka viazi vilivyopondwa vinang'aa. Supu ya mifupa inatangulia, chai ya maziwa mazito inafuata, na sigara juu yake. Majirani walimwona guka akinenepa wakasema huyo mama anajua kutunza mtu. Yeye mwenyewe alikula jikoni, kwenye kigoda, majani na ukoko wa sufuria, kama wanawake wengi wa siku zile. Hakuna aliyeangalia sahani yake.

Nilikuwepo siku aliyokufa guka. Ilikuwa likizo, mchana, jua kali. Alirudi kutoka kiwanda cha kahawa akaketi kwenye benchi nje ya jikoni bila kuvua koti, akawa anajisugua kifua kwa kiganja, polepole. Shosho akamuuliza kuna nini, akasema ni gesi. Akamsugua mgongo, akamletea bakuli la supu moto ili gesi ishuke. Alikunywa nusu. Bakuli likaanguka kwanza, yeye akafuata, na supu ikamwagika mpaka kwenye miguu yangu. Ilikuwa bado moto. Kuna siku nikiwa nimesimama tu mahali, hata barabarani, ninahisi huo moto kwenye vidole vya miguu.

Siku chache kabla ya hapo guka alikuwa amealikwa kwa jirani ng'ambo ya kijito, kulikochinjwa mbuzi. Basi, shosho hakutaka ushahidi mwingine. Mwanaume mnono, mwenye nguvu, aliyelishwa vizuri vile, anaangukaje hivi hivi? Alilishwa kitu! Tangu mazishi hayo shosho hakuwahi kunywa hata chai kwa watu, na mama wa boma lile la ng'ambo, ambaye walikuwa wakichuma kahawa pamoja wakiwa mabibi arusi, hakumsalimia tena. Wamezeeka hivyo, kila mmoja akiuona moshi wa jiko la mwenzake. Na mimi nikawa ninalishwa kwa mkono wa shosho tu, maana mume wa pili hakuwa tayari kumpoteza.

Nina duka la dawa na vyakula vya mifugo Kiganjo. Mkulima akija kulalamika kwamba ng'ombe wake amepunguza maziwa, ninamuuliza anamlisha nini, saa ngapi, anatembea au amefungwa, na ninamgombeza asipojua. Mimi mwenyewe nilikuwa nashinda kwenye kiti nyuma ya kaunta, chipsi mchana, soseji za mutura jioni, sigara katikati. Wateja walinisifu. "Boss, umenona, duka iko na pesa!" Nami nacheka, napigapiga tumbo.

Siku moja nikainua gunia la pumba kumpakilia mteja, na kifua kikashikwa. Kikabanwa, kikapanda mpaka taya, kikateremka mkono wa kushoto. Nikaliweka gunia chini. Nikajiambia ni gesi, nikaenda kununua soda baridi nicheue. Nilikuwa nimeketi kwenye kreti, soda mkononi, nikagundua kwamba kiganja changu kiko kifuani na kinasugua. Sikuwa nimekituma. Wallahi niliogopa kile kiganja kuliko maumivu yenyewe. Nikampigia mke wangu, ambaye ni mwalimu na hana subira, akaja na gari la jirani akanipeleka hospitali huku akinifokea njia nzima. "Soda? Kifua kinakubana unakunywa soda?"

Daktari alikuwa kijana mpole kutoka upande wa magharibi ya nchi. Wakanibandika waya, wakanitoa damu, baadaye nikapelekwa Nairobi kupigwa picha ya mishipa ya moyo. Tulipokaa chini na majibu akaniuliza kama kwetu kuna mtu aliyewahi kufa ghafla. Nikataja jina. Akaandika, kisha akasimamisha kalamu.

"Mzee, hilo ni jina lako."

"Ni lake pia," nikasema. "Ni guka."

Nikamweleza yote, kahawa, koti, benchi, gesi. Akasikiliza bila kuangalia saa. "Siwezi kumpima mtu aliyezikwa," akasema. "Lakini kwa hayo unayoniambia, kitu cha kwanza ningeshuku ni moyo." Nikamuuliza kuhusu sumu. Akatikisa kichwa, akasema mtu akilishwa sumu haji kuanguka siku kadhaa baadaye akijisugua kifua.

Halafu akaja kwangu. Mshipa mmoja umebanwa, mingine imeanza. Dawa kila siku bila kuruka, na dawa si za kunywa ukijisikia. Sigara, kwisha. Mafuta ya wanyama, kwisha. Chumvi na sukari ni kidogo sana. Mboga, maharagwe, nduma, matunda, na miguu itembee kila siku. "Ukifanya hivi kweli kweli," akasema, "huu ugonjwa unaweza kusimama hapo ulipo. Kuna watu unarudi nyuma kidogo. Lakini ukicheza nao, mzee, sitakudanganya." Mke wangu akauliza chakula cha namna hiyo kinaitwaje. Daktari akacheka. Akasema ni kile walichokula watu wa huku kabla hawajapata pesa.

Nikaanza. Sitasema nilianza kwa moyo mweupe, nilianza kwa hofu na kwa kelele. Mboga za kuchemsha nilizitukana mezani. Githeri bila mafuta niliimeza macho yamefungwa. Kuacha sigara kuliniharibu tabia mpaka wateja wakawa wanamtanguliza mmoja aangalie nimeamkaje. Lakini asubuhi nilitoka, natembea kutoka nyumbani mpaka dukani, ukungu bado uko mashambani, nawapita vijana wa chuo cha polisi wakikimbia kwa nyimbo, nami napumua kama trekta. Baada ya miezi kadhaa nikawa sipumui hivyo. Suruali zikalegea. Daktari akapima damu akatabasamu.

Wateja sasa hawakunisifu. "Boss, unaisha, uko na shida?" Wengine wakamuuliza mke wangu kwa upole kama tunapatana. Mzee mmoja wa kanisa akaja kuniombea dukani, mbele ya watu, nikiwa napima chumvi ya ng'ombe. Hayo yote niliyaweza. Kilichonishinda ni Jumapili.

Jumapili baada ya ibada ninaenda Giakanja. Nimefanya hivyo miaka yote na shosho hujua mlio wa pikipiki inayonileta. Kwao baridi inauma, kwa hivyo nikiingia ananivika koti la guka, lile lile, ambalo limefuliwa likatundikwa likangoja miaka mpaka mabega yangu yalitoshe. Kisha sahani. Mukimo, mafuta ya kondoo juu, supu kando. Anakaa kigodani na sahani yake ya majani, ananitazama nikila. Macho yake hayako kwangu kabisa, yako kwa mtu mwingine aliyekaa mahali pangu.

Nami nikala. Nilikaa wiki nzima kama mtawa, Jumapili nikala mafuta ya kondoo nimevaa koti la maiti. Mke wangu alikuja juu. "Mwambie! Ni chakula tu."

"Nimwambie nini?" nikamuuliza. "Kwamba hakuna aliyemlisha guka sumu? Kwamba kitu kilichomfunga mishipa alikipika yeye, kila jioni, kwa mapenzi? Mwambie wewe."

Akarudi jikoni. Shosho anakaribia miaka tisini. Alilipenda lile jitu lake, guka. Miaka yote hiyo alikuwa na mtu wa kumchukia ng'ambo ya kijito, na chuki hiyo ndiyo iliyomsimamisha. Mimi nilikuwa nachagua kati ya kufa na kumvunja moyo bibi yangu, na kila Jumapili nilichagua kufa kidogo.

Nikajaribu kukwepa. Nikamwambia nina vidonda vya tumbo, daktari amenikataza mafuta. Ilikuwa ni kosa kubwa. Akaniwekea mkono tumboni, akapapasa, akalivuta koti akaona linavyoning'inia. Uso wake ukabadilika.

"Umekula kwa nani?"

"Sijakula kwa mtu, shosho."

"Hata wakati ule ulisema hivyo hivyo," akasema. "Ukasema ni mbuzi tu. Ukasema watu ni wazuri."

Sikuwa nimesema hivyo. Mimi wakati ule nilikuwa mtoto na nilikuwa namenya miwa. Nikamwambia, "Shosho, ni mimi," akasema anajua ni mimi, nisimfanye mjinga. Jumapili iliyofuata mafuta yaliongezeka, na iliyofuata yakaongezeka tena. Alikuwa anapigana na sumu kwa kitu pekee alichokuwa nacho.

Kisha ikaja ile Jumapili niliyomkuta nje, ameshika fimbo, amefunga leso ya kanisani kichwani, anateremka kijia cha kijitoni. Mtu wa miaka ile, kijia chenyewe ni matope matupu. Nikamkimbilia. Naam, nilikimbia, na kifua hakikusema kitu.

"Shosho, unaenda wapi?"

"Kwake. Nitasimama kwenye lango lake nimlaani, yeye na wajukuu wake. Mara ya kwanza nilinyamaza nikakuzika. Mara hii sinyamazi."

Kwetu laana ya bibi mzee si maneno ya hasira ambayo kesho yanasahauliwa. Boma lote la ng'ambo lingeishi nayo, watoto wangekataliwa kuoa na kuolewa. Na yule mama ng'ambo hakuwa amefanya lolote ila kuchinja mbuzi. Nikamshika shosho mkono. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, hapakuwa tena na pa kukwepea.

"Hakuna sumu," nikasema. "Shosho, nisikilize. Mimi ni mgonjwa wa moyo. Mishipa imejaa. Daktari anafikiri guka alikuwa na hii hii. Hakulishwa kitu na mtu."

Chini yetu kijito kilikuwa kinapiga kelele zake. Nikaendelea haraka haraka, nikamwambia ni damu ya ukoo, ni sigara, ni umri, nikatafuta kila kitu cha kuweka mbele ili kile kingine kisionekane. Lakini shosho si mjinga na hajawahi kuwa.

"Na unakonda kwa nini?"

"Nimebadilisha chakula. Ndivyo ninavyopona."

"Umeacha nini?"

"Sigara," nikasema. "Chumvi."

"Na nini?"

Akanitazama usoni, akatazama suruali yangu iliyolegea, akatazama mkono wangu uliomshika.

"Mafuta," akasema mwenyewe.

"Shosho, hakuna aliyejua. Hata madaktari siku zile..."

"Na ile supu?"

"Supu ile haikufanya kitu. Saa yake ilikuwa imeshafika." Hilo nililisema kwa nguvu, kwa sababu lilikuwa kweli na nilitaka angalau moja liwe la kumsaidia. Akautoa mkono wake kwenye wangu. Akageuka, akapanda kijia polepole akichomeka fimbo kwenye matope, akaingia jikoni akafunga mlango. Nikabisha. Nikaita. Nikakaa kwenye benchi mpaka baridi ikanifukuza, na ndani hakukusikika hata sufuria.

Wiki ile sikuishi. Binamu anayekaa naye aliniambia kwa simu kwamba hali vizuri, anakula kidogo, hazungumzi. Nilitembea asubuhi na jioni, si kwa ajili ya moyo, ni kwa sababu kukaa kulinishinda. Nikawaza kwamba nimemuua. Nikawaza kwamba nitamzika karibu na guka, na watu watapita kunipa mkono, na mimi peke yangu ndiye nitakayejua kwamba mume wake alimuua kwa maneno. Mke wangu akaacha kunigombeza, na hilo likanitisha zaidi.

Jumapili nikaenda. Hakutoka nje aliposikia pikipiki, na hakunipa koti. Niliingia jikoni nikamkuta mezani, mahali ambapo hajawahi kuketi nikila. Sahani zilikuwa mbili na zilikuwa sawasawa. Mboga za managu za kuchemsha, nduma, maharagwe. Hakuna kilichong'aa.

"Nilienda ng'ambo," akasema kabla sijaketi.

"Woi, shosho."

"Nilikunywa chai. Chai yake bado ni maji tu." Akasukuma sahani moja kwangu. "Alilia sana. Kula."

Nikala. Naye akala, taratibu, anamenya nduma kwa vidole. Alipofika nusu ya sahani akaacha, akaitazama.

"Haya ndiyo nilikuwa nakula," akasema. "Miaka hiyo yote. Kizuri nakupa wewe, mimi nakula haya. Angalia nilivyo, bado niko. Wewe hupo."

Nilijua haongei na mimi. Nimelijua jambo hilo maisha yangu yote, nimelicheka, nimelikimbia, nimemnyang'anya mzee wa watu mkono wangu sokoni kwa sababu yake.

"Kifua kilikuwa kinakuuma," akasema. "Si siku ile tu. Nilikuwa nakuona ukisimama njiani kama unaangalia kahawa. Mbona hukuniambia? Ningekumegea ya kwangu."

Alikuwa ananitazama usoni, anangoja, na alikuwa amengoja tangu nikiwa mtoto wa miwa. Ningeweza kumwambia, shosho, mimi ni mjukuu wako. Hilo halikuwa jibu la mtu aliyeulizwa. Nikaweka nduma chini, na kwa mara ya kwanza nikamwita vile mume anavyomwita mke wake.

"Sikujua, mama watoto. Hata mimi sikujua."

Akafikiri.

"Kwa hivyo si mimi niliyekuua."

"Si wewe," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaivuta sahani yake karibu, akaendelea kula.